Maswali yanayoulizwa sana: kufua na kutoa uvundo kwenye pedi za magongo, shingadi (kinga za ugoko) na glovu ukiwa nyumbani (kwa watu wa Mwanza)

Haya maswali yanarudi kila wiki, mengine yanatoka kwa wachezaji wenyewe, mengine kwa akina mama ambao begi la mtoto limelala sebuleni na nyumba nzima imeshajua. Nimeyaweka sehemu moja tusichoshane. Mimi ni mtu wa vifaa kwenye timu ya mtaani huku Igoma, kwahiyo nimejibu kwa kutumia vitu ambavyo unavipata dukani kwa Mangi, sio vya kuagiza nje. Na msimamo wangu nausema mapema: sabuni ni nusu ya kazi, kukausha ndo kazi yenyewe. Anayefua vizuri afu akaanika vibaya, wiki ijayo tunaye hapa hapa anauliza tena.

Kwa nini jezi nikifua harufu inaisha ila shingadi na pedi hazisikii?

Jasho likitoka mwilini halina harufu ya maana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoishi kwenye ngozi, wanakula kile kilichomo kwenye jasho pamoja na ngozi iliyokufa afu wanaacha asidi asidi, mojawapo inaitwa isovaleriki, hiyo ndo harufu ya soksi unayoijua. Sasa jezi ni nyembamba, ukianika upepo wa ziwa ukapita hapo masaa mawili imekauka na hao bakteria hawana pa kuzaliana. Pedi ina sponji ndani, sponji ina vishimo vingi, jasho linaingia mpaka katikati na halitoki, juu ukigusa unaona pakavu kumbe ndani bado pabichi mpaka kesho kutwa. Ukiweka hiyo kitu kwenye begi la nailoni ukafunga zipu umewapa bakteria giza, joto, maji na chakula, wanataka nini tena.

Fanya hivi, chukua shingadi yako, angalia pale sponji inapokutana na plastiki, kwenye ukingo. Utaona kamstari keusi. Pakwangue na ukucha afu nusa. Huko ndo kwenye shida, na watu wengi wanaposugua wanasugua plastiki ya mbele inang'aa wakati ile haikuwa na kosa lolote.

Mimi ni kipa wa magongo, pedi zangu ni kubwa kama godoro, naanzia wapi?

Kaka kwanza hongera maana magongo huku hatuko wengi. Anza kwa kuvunja vipande: mikanda itoe, vile vya kufunika viatu vitoe, bitana kama inatoka itoe. Sponji ngumu ya pedi za miguu za magongo ya uwanjani haifyonzi maji sana, matundu yake yamefungwa, kwahiyo uchafu wake uko juu na kwenye mikanda, na mikanda ndo inanuka kuliko kitu kingine, watu wanaisahau kabisa. Mikanda, bitana na kinga ya kifua unaloweka beseni moja na sabuni ya unga kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, dakika ishirini mpaka nusu saa inatosha, sio kulaza usiku kucha maana hapo unaanza kutengeneza uvundo mpya. Sponji ngumu unaifuta na kitambaa chenye maji ya sabuni, kwenye mifereji pitisha mswaki wa zamani, afu unafuta tena na kitambaa cha maji matupu.

Kuna na zile pedi za hoki ya barafu ambazo unaweza kuzikuta kwenye mitumba, za magoti na viwiko, vijana wa boda wanazipenda kwa sababu ukianguka zinakuokoa. Zile ni tofauti, nje kitambaa kigumu ndani sponji laini inayonyonya kila kitu. Hizo unaziloweka mzima mzima, unazikanda kwa viganja kama unakanda unga wa chapati hivi, utaona maji yanatoka ya kahawia, unamwaga, unaweka mengine, unarudia mpaka maji yawe meupe. Usikamue kwa kusokota, sponji inakatika ndani na haitarudi. Zibane kati ya taulo mbili ukanyage kwa miguu misafi, maji mengi yanaondoka hapo na muda wa kukauka unapungua sana. Na kabla hujaloweka chochote funga zile gundi za kubandika na kubandua (velcro), zikiwa wazi zinachuna vitambaa vyote kwenye beseni.

Sabuni gani?

Ya unga ya kawaida, kidogo kuliko unavyofikiria. Ya mche nayo inafaa kwa kusugua mikanda. Kosa kubwa ni sabuni nyingi afu kusuuza mara moja, sabuni ikibaki kwenye sponji siku ukitoka jasho inatoa povu mguuni na ngozi inawasha, afu mabaki hayo yanashika vumbi. Ile ya kulainisha nguo ya harufu nzuri usiweke kabisa, inaacha utando na sponji inapumua vibaya zaidi.

Niweke JIK?

Hapana. JIK inaua vijidudu kweli lakini inakula mpira wa glovu, inadhoofisha nyuzi za mikanda, na rangi inaondoka. Iache kwa ajili ya choo na sakafu. Na narudia hili kwa herufi kubwa USICHANGANYE JIK NA SIKI, inatoa gesi ya klorini, kwenye bafu dogo lisilo na dirisha hiyo ni hatari ya kupelekana hospitali. Isichanganywe pia na dawa za usafi zenye amonia.

Na siki je?

Siki nyeupe ya kawaida ndo rafiki yako. Nusu siki nusu maji, tia kwenye chupa ya kupulizia, ile iliyobaki ya dawa ya madirisha ukiiosha vizuri inafaa, puliza ndani ya shingadi na pedi, acha nusu saa, futa na kitambaa cha maji, anika. Harufu ya siki itakusumbua mwanzo ila ikikauka inaondoka nayo. Inasaidia kwa sababu bakteria wengi hawapendi asidi na pia inakata mabaki ya sabuni. Kwenye ngozi halisi na mpira wa glovu za kipa usitumie, au jaribu sehemu ndogo kwanza.

Ndimu watu wanatumia, sawa, ila usiposuuza vizuri utaamka sisimizi wamehamia kwenye begi.

Magadi ya kupikia maharage yanatoa harufu?

Dada hapo ngoja kidogo. Magadi ni makali kuliko soda ya kuokea keki, yanababua ngozi ya mikono na yanakausha vifaa vya ngozi vinapasuka. Tumia ile soda ya kuokea kwenye kapakiti, imeandikwa baikaboneti, na sio hamira wala sio beking poda yenye wanga. Nyunyiza ndani ya shingadi au daluga zikiwa KAVU, acha usiku kucha, asubuhi kung'uta nje. Zikiwa mbichi utapata uji mweupe kwenye mishono na hautoki.

Na wale wanaochanganya soda na siki kwa pamoja kwa sababu inachemka na kutoa mapovu, inafurahisha kuangalia lakini asidi na alkali zimeshauana, unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Tumia moja leo, nyingine siku nyingine.

Si tunaishi ziwani, kwa nini nisiende kufulia pale ufukweni, maji ni ya bure?

Hili swali nalijibu kwa urefu maana vijana wengi baada ya mazoezi wanashuka moja kwa moja majini na vifaa vyote, wanaoga na kufua kwa pamoja.

Tatizo ni kichocho. Kwenye maji ya kina kifupi, yenye majani na yaliyotulia, kuna konokono wadogo wanaobeba vimelea, hao konokono wanaachia vimelea majini na vinaingia mwilini kupitia ngozi nzima, huhitaji kuwa na kidonda wala kunywa maji, kusimama tu maji ya magotini dakika kadhaa unasugua pedi inatosha. Na muda vinapotoka kwa wingi ni jua likiwa kali, kama saa nne mpaka saa nane mchana, yaani muda ule ule ambao mtu anaona ni mzuri wa kufua. Kanda hii yote ya ziwa kichocho ni tatizo la miaka na miaka, ndo maana watoto mashuleni wanagawiwa vile vidonge vikubwa vya praziquantel. Kile cha tumbo kinaharibu ini taratibu, mtu anakuja kujua baadaye, na kile cha mkojo unaona damu.

Kama bomba halitoki na maji uliyonayo ni ya ziwa tu, basi chota, weka kwenye pipa au ndoo safi yenye mfuniko, acha siku mbili ndo utumie, vimelea vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa vyenyewe. Au chemsha. Ila ukishachota usisimame majini muda mrefu, na chota pale ambapo hakuna majani.

Afu kuna upande wa pili, sabuni yako inaenda kwenye maji ambayo mwenzako anachota ya kunywa. Fua nyumbani, mwaga kwenye shimo la maji machafu. Nani kakwambia ziwa ni beseni.

Nianike wapi, juani au kivulini?

Inategemea kitu. Jua linaua vijidudu vya juu juu na linakausha haraka, hiyo ni kweli, lakini miale haifiki katikati ya sponji, kwahiyo usitegemee jua lisafishe kitu ambacho hukufua. Mikanda, bitana, soksi, bandeji za mikono hizo zote juani bila wasiwasi. Shingadi na pedi zenye sponji, jua la asubuhi mpaka kama saa nne hivi, baada ya hapo sogeza kivulini penye upepo. Glovu za kipa na vitu vya ngozi ni kivulini mwanzo mwisho.

Sasa sisi wa Mwanza tuna mawe, na kila mtu anaanika juu ya mwamba, nguo, dagaa, mihogo, kila kitu. Mwamba asubuhi ni mzuri sana, una joto la wastani na hewa inapita. Ikifika mchana ule mwamba unaunguza nyayo, ukiacha shingadi pale sponji inajikunja na gundi inaachia, plastiki inapinda na haikai tena kwenye ugoko. Bati ndo mbaya zaidi, juu ya bati usiweke kabisa. Na kama jirani ameanika dagaa wabichi upande wa juu wa upepo, hamia upande mwingine, maana utatoa uvundo uingize shombo.

Anika mdomo wa kitu ukiwa wazi, upande unaogusa mwili utazame nje. Usikunje. Unajuaje imekauka? Bonyeza sponji kwa nguvu na tishu au kipande cha gazeti, hesabu kumi, gazeti likitoka na alama ya unyevu, bado.

Kipindi cha mvua nafanyaje, vitu havikauki hata siku tatu?

Vuli ile ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei ndo msimu wa malalamiko. Kipindi hicho usifue pedi nzima kila mara, fua bitana na mikanda, sponji futa tu na kitambaa cha siki, maana kitu kilichofuliwa kisikauke kinanuka kuliko ambacho hakikufuliwa. Tumia ile ya taulo na kukanyaga. Afu ning'iniza mbele ya feni, feni ya kawaida tu, kupeperusha hewa kunafanya kazi kuliko joto. Umeme ukikatika weka dirishani penye upepo.

Kuning'iniza juu ya jiko la mkaa usithubutu. Sponji nyingi za vifaa hivi zinalainika kwa joto na moshi unaingia humo humo.

Daluga zenye tope, acha tope likauke kwanza, gonganisha nje, brashi, ndo maji. Ukifua tope la mfinyanzi likiwa bichi unalisukumia kwenye mishono. Ukimaliza jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa. Waliocheza Nyamagana kwenye nyasi bandia wakung'ute vile vipunje vyeusi vya raba nje kabla ya kuingia ndani, mama atakushukuru.

Usiku usiache vitu vyeupe vibichi nje karibu na taa, wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingu lao asubuhi utafua upya.

Glovu za kipa zina namna yake?

Ndiyo na wengi wanaziua wenyewe. Zivae mikononi, weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kiganja kwa kiganja polepole kama unanawa, sabuni kidogo sana ya maji, ile ya kuogea watoto inafaa. Suuza mpaka ukibana kiganja yatoke maji masafi. Zivue kwa kuvuta kuanzia kifundo, sio kuvuta vidole, mishono inafumuka. Usisokote. Zining'inize kivulini vidole vikiangalia juu kidogo zichuruzike. Zikikauka usizilaze kiganja kwa kiganja, ule mpira unagandana na ukizitenganisha unabanduka vipande vipande, weka karatasi katikati. Na usizikaushe mpaka ziwe kama makaratasi, mpira mkavu sana unapasuka, ndo maana kipa analowesha kidogo viganja kabla ya mechi.

Glovu za ngumi?

Hizi hazilowekwi kabisa, sponji yake imeshonewa ndani na ikiingia maji haikauki, inaoza. Kazi yote inafanyika kabla na baada. Kabla, funga bandeji mikononi, jasho liishie kwenye bandeji, na bandeji zifuliwe KILA siku ya mazoezi, sio kila Jumapili. Baada, futa ndani na kitambaa chenye siki na maji kilichokamuliwa sana, fungua mdomo wazi, weka mbele ya feni. Afu chukua soksi mbili safi, jaza mkaa mkavu uliovunjwa vunjwa ambao haujawahi kuwashwa, funga, chomeka ndani usiku. Mkaa unavuta harufu na unyevu kidogo, ule maalumu wa dukani una nguvu zaidi ila wa kwenye gunia unasaidia. Mkaa huo baadaye pikia, hakuna kinachopotea.

Mashine ya kufulia?

Kwa shingadi na bitana sawa, weka ndani ya foronya ufunge, maji ya baridi, mzunguko wa taratibu. Ile ya kukausha kwa joto hapana.

Nimeambiwa niweke kwenye friza usiku, bakteria wanakufa.

Wengi hawafi, wanalala. Ukitoa vikapata joto wanaamka wanaendelea na kazi. Waachie sato nafasi yao.

Nikifukiza udi au kupiga pafyumu?

Utapata harufu mbili. Udi na ubani ni mzuri kwenye nguo safi, kwenye pedi chafu unaficha tu kwa saa moja. Na kuna wanaotupia zile peremende nyeupe za kabatini za kufukuzia nondo kwenye begi la mtoto, hizo toeni, mvuke wake ni sumu, na kwa watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao sehemu zenye malaria kama huku kwetu wapo, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Nimeona mtandaoni wana mashine za ozoni, nitafute?

Wenzetu wa hoki ya barafu kule Kanada na Marekani wanatumia, vyumba vya vifaa vyao vinanuka balaa. Ozoni inaua vijidudu na harufu kweli, ila ukiivuta inaumiza mapafu na inapasua mpira. Kwa chumba kimoja cha kupanga pale Mabatini sio kitu cha kuwasha. Nunua feni.

Tunashea shingadi na glovu kwenye timu, kuna shida?

Ipo. Fangasi za vidoleni, mashilingi, majipu, vyote vinahama kwa vifaa vibichi. Mtu mwenye kidonda wazi au jipu asivae vya timu mpaka pakauke, hata kama ndo mfungaji wetu tegemeo. Kila mmoja avae soksi yake ndefu chini ya shingadi. Plastiki ngumu unaweza kuifuta na spiriti ya asilimia 70 kati ya mchezaji na mchezaji, inakauka dakika moja, ila mbali na moto na sio kwenye ngozi wala mpira.

Ukiona ngozi chini ya pedi imekuwa nyekundu, inauma, ina joto, wekundu unapanuka au kuna usaha na homa, hiyo sio ya kupaka siki mdogo wangu, nenda kituo cha afya. Fangasi za vidole krimu ya clotrimazole duka la dawa wanayo, ila paka mpaka wiki walizoandika ziishe hata kama kuwasha kumekoma, na viatu navyo vikauke la sivyo inarudi.

Mara ngapi nifue?

Kufungua begi na kuning'iniza, kila siku uliyocheza, hata kama umechoka, hata kama ni saa tatu usiku. Kufuta na siki mara moja kwa wiki. Kufua kwa kuloweka mara moja kwa mwezi, au wiki mbili kama unacheza kila siku. Na begi lenyewe pia jamani, geuza nje ndani, kung'uta, futa, anika. Unarudisha pedi safi kwenye begi lenye uvundo wa mwaka jana, itakuwaje.

Lini nitupe?

Sponji ikibonyea hairudi, ikitoa unga unga ukiikwangua, ikiwa na madoa meusi ya ukungu yaliyoingia ndani, au umefua na kukausha sawasawa na ikipata jasho la kwanza tu harufu inarudi ile ile. Hapo kinga yenyewe imeshaisha. Kabla ya kutupa toa mikanda mizima na zile velcro, fundi wa viatu anaweza kuzishona kwenye shingadi nyingine, na plastiki ya mbele ikiwa haijapasuka osha, kata sponji mpya ya saizi hiyo, bandika na gundi ya viatu, acha kwenye upepo siku mbili gundi iache kunuka ndo uvae.